Msanii Akae Misimu Miwili: Mapendekezo ya Ukaazi wa Wasanii Pangani



Nimeombwa nizungumzie ukaazi wa wasanii katika vijiji ambavyo mazingira yake yanabadilika. Nitabaki Pangani tu, mkoani Tanga, kwa sababu huko mabadiliko yana majina, na wanaoyakumbuka wangali hai.

Nje ya mdomo wa Mto Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye mivinje mirefu na kasa waliokuja kutaga. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, limebaki fungu la mchanga. Leo maji yakijaa fungu huzama, yakitoka huibuka jeupe, na watalii hushushwa hapo kuogelea. Kasa hawajaacha kuja, ila mayai yao huhamishiwa ufuko wa Ushongo yasiharibiwe na maji. Wako wanaosema chanzo ni kukatwa kwa miti iliyoshika mchanga; wako wanaotaja mikondo na kupanda kwa bahari. Msanii asije na jibu mfukoni.

Mto nao una yake. Maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, njiani yanagawiwa mashamba ya umwagiliaji na mitambo ya umeme, na yanayofika pwani yamepungua. Chumvi imepata njia ya kupanda mtoni. Mwenye minazi ukingoni hahitaji kipimo, anaonja.

Sasa kalenda. Miradi hupangwa mjini: wiki tatu, warsha mbili, maonyesho, cheti. Pangani inahesabu vingine. Atakayefika siku za maji mafu hatauona mchanga unavyoonekana siku za bamvua, bahari inapotoka mbali. Na ufuko wa kaskazi sio ufuko wa kusi. Upepo ukigeuka, mchanga nao unahama. Wiki tatu ni matembezi. Msanii akae misimu yote miwili, apange chumba mtaani, avuke kwenda Bweni kwa kivuko kama wengine, hadi watu wachoke kumwita mgeni.

Kazi yenyewe iwe nini? Picha za dunia inayotoka jasho zimetosha. Napendekeza aanze na karatasi kubwa sakafuni. Wazee waichore Maziwe, kila mmoja anavyoikumbuka: mivinje ilianzia wapi, vyombo vilitia nanga upande gani, wavuvi walilala wapi. Ramani hizo hazitalingana, na wataalamu watatamani kuzisawazisha. Wasiziguse. Zitundikwe zilivyo, wenyewe wasimame mbele yake wabishane. Ubishi huo urekodiwe, maana ni sehemu ya kazi. Baadaye zichongwe kwenye mbao, kwa kuwa karatasi haistahimili unyevu wa pwani, na mafundi wa mashua wapo. Hao wahesabiwe wasanii, wasiitwe vibarua.

Mara nyingi kazi za namna hii husafirishwa Dar es Salaam au Ulaya, kijiji kikabaki na picha za simu. Mbao hizo zibaki Pangani, shuleni au ofisi ya kijiji. Watakaosafiri wasafiri na nakala.

Naiomba semina hii isiidhinishe mpango wowote wa ukaazi wa chini ya misimu miwili. Na mzee anayetoa kumbukumbu zake alipwe posho ileile tuliyosaini sisi asubuhi ya leo.