Mazungumzo kwa Wazee: Nyimbo na Ngoma katika Kukuza Viungo vya Mtoto



Yapo malalamiko ya baadhi ya wazee kwamba watoto wao katika skuli za maandalizi wanaimbishwa na kuchezeshwa tu, ilhali wamepelekwa kusoma. Wako waliofikia hadi ya kumtaka mwalimu aiondoe michezo hiyo na kuwaketisha watoto na kalamu asubuhi nzima. Shauri hilo linatokana na kuwatakia watoto kheri, lakini halifai kufuatwa. Mkono usiopata nguvu begani wala wepesi vidoleni hauwezi kuimiliki kalamu.

Mtoto huanza kuujua mdundo kabla hajasimama dede. Bibi anapomrusharusha mjukuu magotini huku akimwimbia, pigo humfikia mtoto kwa kusikia na pia kwa mwili, kupitia kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio. Mwaka 2005, Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Kanada walichapisha utafiti juu ya watoto wa miezi 7. Wote walisikilizishwa mdundo mmoja usio na mkazo. Wengine walirushwa kwa kila pigo la pili, wengine kwa kila pigo la tatu. Baadaye kila kundi lilipendelea mdundo wenye mkazo uliolingana na lilivyorushwa. Watoto waliomtazama tu mtu mzima akijirusha hawakuonesha upendeleo huo. Ndiyo kusema, televisheni iliyowashwa chumbani haishiki nafasi ya magoti ya bibi.

Mtoto akishaacha kwenda tata, michezo ya kuimba humpa kazi kubwa zaidi. Katika ukuti hushikana mikono na wenzake, huzunguka, hushuka na kuinuka. Kila tendo lina wakati wake ndani ya wimbo, na kwa kuwa wimbo anaujua, mwili huwa tayari kabla pigo halijafika. Makofi ya wawili wawili huuvusha mkono wa kulia hadi upande wa kushoto, jambo ambalo mtoto mdogo huliona zito. Kisiwani Pemba iko ngoma ya msewe, ambayo wachezaji wake hufunga njuga miguuni. Mtoto akifungwa njuga ndogo husikia papo hapo kama unyayo wake umewahi au umechelewa. Hata chuoni watoto huyumba kwa mapigo ya kisomo chao, wala hakuna mzee anayeuita huo mchezo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 apate harakati zisizopungua dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo ziwe za kumtweta. Skuli yenye kiwanja kidogo haiwezi kutegemea mbio. Ngoma inatosha kuchezwa chumbani.

Vyombo havina gharama: vifuu viwili, ndoo kuukuu, au kopo lenye kokoto lililozibwa barabara ili kokoto zisiishie mdomoni. Watoto wasiwekwe karibu na vipaza sauti vya harusini. Mtoto asiyesikia naye aketishwe jirani na ngoma, aiguse kwa viganja.

Kwa kawaida mtoto wa miaka 4 huweza kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 2 hivi. Asiyeweza kabisa, au anayeanguka mara kwa mara, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu akaangaliwe.