Zirikoni Isiyoyeyuka: Kemia ya Madini ya Ziada katika Graniti



Wengi wetu hupokea majedwali ya maabara na kuyasoma kama yalivyokuja. Mada yangu inahusu safu moja ya majedwali hayo, ile ya zirikoniamu, ambayo haifai kuaminiwa kabla ya kuuliza sampuli iliyeyushwa kwa njia gani.

Chukua graniti ya Mwanza, yale mawe makubwa yaliyobebana kando ya Ziwa Victoria. Kwa macho utaona kwatsi, feldispa na ulanga mweusi. Hayo ndiyo mwili wa mwamba. Lakini zirikoniamu haipati nafasi ndani yake: ioni yake ina chaji kubwa mno, feldispa haiipokei. Basi hujitengenezea madini yake yenyewe, zirikoni, yaani ZrSiO4. Fosforasi nayo hukaa zaidi kwenye apatiti, na elementi nyingi adimu za ardhi pamoja na thori hujikusanya kwenye monaziti, alaniti na titaniti. Haya ndiyo tunayoyaita madini ya ziada. Yote kwa pamoja mara nyingi hayafiki asilimia 1 ya mwamba, na wanafunzi wengi huyapita haraka wanapochungulia hadubini.

Tufanye hesabu. Graniti yenye zirikoniamu sehemu 200 kwa milioni si ya ajabu. Kwa kuwa karibu nusu ya uzito wa zirikoni ni zirikoniamu, kilo moja ya jiwe hilo ina takriban gramu 0.4 za zirikoni. Karibu zirikoniamu yote ya kilo nzima imo kwenye vumbi linaloweza kukaa juu ya kucha.

Sasa jiwe hilo linapelekwa maabara. Katika utafutaji wa dhahabu, sampuli nyingi huyeyushwa kwa mchanganyiko wa tindikali nne, ikiwemo ya hidrofloriki. Feldispa na ulanga huyeyuka. Zirikoni hubaki chini ya chombo, nzima au nusu, na kile kilichobaki hakihesabiwi. Jedwali linatoka na namba ndogo kuliko ukweli, si kwa zirikoniamu peke yake, bali pia kwa hafni na elementi adimu zilizo nzito, kwa sababu nazo zimo ndani ya zirikoni.

Madhara yake si madogo. Mwaka 1983 watafiti Watson na Harrison walionyesha kwamba kiasi cha zirikoniamu kinachoweza kuyeyuka ndani ya magma hutegemea joto na kemia ya magma hiyo. Tangu hapo wanajiolojia hukadiria joto la graniti kwa namba hiyo. Jedwali likiandika 80 pale penye 200, makadirio ya graniti ya kawaida hushuka kwa nyuzi zipatazo 75 za Selsiasi. Mtu atajenga hoja nzima juu ya magma iliyokuwa baridi, kumbe tindikali ndiyo iliyoshindwa.

Ukaidi huohuo, hata hivyo, ndio unaotupa umri wa miamba. Zirikoni inapokua hupokea urani na hukataa risasi. Risasi tunayoikuta ndani yake imetokana na kuoza kwa urani. Punje kongwe zaidi za Jack Hills, Australia, zimehifadhi umri wa takriban miaka milioni 4,400, ingawa mwamba uliozizaa ulitoweka zamani.

Apatiti ni kinyume chake: huyeyuka kwa urahisi kwenye tindikali, kwa hiyo namba ya fosforasi kwa kawaida haina shida. Ndani yake mna florini, klorini, manganizi na strontiamu, na uwiano wao husaidia kutambua magma ilitokana na miamba ya mashapo au ya moto. Kwangu mimi, apatiti inastahili kupimwa punje kwa punje zaidi ya tunavyofanya sasa.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kila anayetuma graniti kwa ajili ya kemia ya mwamba aagize iyeyushwe kwa joto pamoja na borati ya lithi, au ipimwe kwa eksirei, ambayo haihitaji tindikali. Na kila ripoti tunayoiandika itaje njia ya kuyeyusha kando ya namba. Majedwali ya zamani yasiyotaja njia hiyo yasitumike kukadiria joto la magma.