Ng'ombe Apuraye na Msitu wa Bwindi

Neno letu la leo latoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, aya ya 4. Hapo mkulima aagizwa asimzibe mdomo ng'ombe wake anapokanyaga nafaka uwanjani. Sisi wachungaji twaipenda sana aya hii, kwa kuwa Mtume Paulo aliitumia kutetea riziki ya wahubiri. Lakini Musa alisema ng'ombe, na leo twataka kumrudia huyo ng'ombe.

Twendeni Uganda, pembe ya kusini-magharibi, penye Bwindi. Ni msitu wa mvua juu ya milima, mzito hata jina lake la Kiingereza lasema haupenyeki. Mwaka 1991 serikali iliufanya mbuga ya taifa, na mwaka 1993 watalii wakaanza kuja kuwatazama gorila wa milimani. Gorila hao ni zaidi kidogo ya 1,000 duniani pote, na karibu nusu yao wako Bwindi. Tangu Julai 2024 mgeni wa ng'ambo hulipa dola 800 za Marekani ili akae nao saa moja. Saa moja tu!

Basi, ni nani akanyagaye nafaka hapo? Yuko mkulima wa Kikiga ambaye shamba lake limepakana na msitu. Nyani hula mahindi yake, na watoto huacha shule ili walinde shamba. Kuni alizokuwa akikata msituni sasa ni hatia. Tena yuko Mbatwa. Wabatwa waliishi humo wakiwinda na kurina asali kabla wakulima hawajafika. Mbuga ilipotangazwa walitolewa, na wengi hawakupewa hata kipande cha ardhi. Gorila alibaki kwake. Mwanadamu akawa maskini katika shamba la jirani. Ilikuwa Agosti 2021, miaka thelathini baadaye, ndipo Mahakama ya Katiba ya Uganda ilipowapa Wabatwa haki katika shauri lao.

Hatusemi mbuga ilikuwa kosa. Bila ulinzi, shoka lingalimaliza msitu, na gorila pamoja nao. Wala hatusemi hakuna lililotendeka. Sheria ya mwaka 1996 iliagiza asilimia 20 ya kiingilio cha mbuga irudi kwa majirani zake. (Angalieni neno hilo, kiingilio. Kibali cha gorila, chenye fedha nyingi, ni jambo jingine.) Pale Buhoma, langoni mwa mbuga, wanakijiji walianzisha kambi yao wenyewe ya wageni, na faida yake imesaidia shule. Na Kanisa la Uganda, ndugu zetu wa Dayosisi ya Kinkizi, wana hospitali hapo tangu mwaka 2003. Ilianza kwa daktari mmisionari aliyewatibu Wabatwa chini ya mti, na watalii wengi waliopita wameichangia.

Hata hivyo, leo Mbatwa huwaongoza wageni na kuwaonyesha jinsi babu zake walivyowasha moto kwa vijiti. Wageni hupiga picha, hufurahi, huondoka. Jioni, katika fedha walizolipa, ngapi zimo mkononi mwake? Na kamati inapokutana kugawa mapato, ana kiti, au huitwa tu siku ya ngoma?

Nasi Kenya tunao msitu wa Kakamega, na Arabuko-Sokoke, ambako tangu mwaka 1993 wakulima wa Gede hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo. Washarika wetu wamo katika vyama vya misitu, wengine ni wenyeviti na watunza hazina. Kwenu ninyi twauliza: Hesabu husomwa mbele ya watu wote? Mjane ambaye ndovu walimaliza migomba yake, jina lake limeandikwa?

Tuombe. Ee Bwana, twawaweka mbele zako Wabatwa wa Bwindi na shauri lao. Wape ardhi ya kupanda. Wakumbuke watoto walindao mashamba asubuhi hii, wenzao wakiwa darasani. Amina.