Jiwe Lisilo na Maneno: Istilahi za Miamba ya Pete katika Kiswahili



Huenda mkashangaa kuona mhadhara wa Kiswahili ukianza na jiwe. Katika kreta ya Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, hutoka lava isiyo na mfano katika volkeno nyingine yoyote iliyo hai leo. Lava ya basalti huwa na silika nyingi na joto la nyuzi 1,100 Selisiasi hivi. Hii ni kabonati ya sodiamu, kalsiamu na potasiamu. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600. Hutiririka ikiwa nyeusi, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe.

Madini yake makuu ni mawili. Moja huitwa gregoriti, kwa ukumbusho wa John Walter Gregory, mtafiti wa Bonde la Ufa. Jingine ni nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Basi yule aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili jina lake limo ndani ya jiwe, ilhali jiwe lenyewe twalieleza kwa shida katika lugha yake.

Volkeno za jamii hii zikifa, mvua humega miili yake kwa mamilioni ya miaka hata mizizi ikabaki wazi. Mara nyingi mizizi hiyo ina umbo la pete: ardhi iliyo juu ya magma ilididimia au ilisukumwa, nyufa za duara zikafunguka, na magma ikapenya humo ikaganda. Kisiwa cha Chilwa, nchini Malawi, ni mfano mashuhuri. Kwa hiyo napendekeza tuseme “miamba ya pete”. Neno ni letu, na picha yake ni sahihi.

Ugumu uko katika sifa ya pili. Mwanafunzi wa kemia anajua kuwa alikali ni kinyume cha tindikali. Mwanajiolojia anakusudia jambo jingine: sodiamu na potasiamu zimezidi mno zikilinganishwa na silika au alumina iliyopo. Silika ikipungua, kwatzi haiumbiki, na mahali pake hutokea nefelini. Mpishi wa maharage angetupa neno “magadi”, nalo lingefaa kwa lava ya Lengai, kwani magadi ni kabonati ya sodiamu hasa. Lakini miamba mingi ya ukoo huu haina magadi hata chembe. Kwa ukoo mzima, heri tuseme “miamba ya kialikali”, na tuweke fasili yake bayana.

Je, huu ni ubishi wa wanakamusi tu? Twendeni Mrima, Kwale, pwani ya Kenya. Kilima hicho cha kabonatiti kina niobiamu na madini adimu. Kina pia thoriamu, ambayo hufanya mnururisho wa pale kuzidi wa kawaida. Siku wazee wa Kidigo watakapoulizwa kuhusu uchimbaji, wakielezwa thamani kwa Kiswahili na hatari kwa lugha ya kigeni, watakuwa wameulizwa nusu ya swali.

Istilahi, ndugu zangu, ni sehemu ya haki. Tusiwaachie wanajiolojia peke yao kazi ya kuziunda, wala sisi tusiziunde bila kwenda kuliona jiwe.