Kliniki Ikiuliza "Mambo?"

Juma hili nataka tuzungumzie neno moja ambalo vijana wetu husalimiana nalo, na ambalo wazee wengine hawalipendi hata kidogo. Neno lenyewe ni "Mambo?"

Kuanzia mwaka 2007, kliniki tatu nchini Kenya, mojawapo Pumwani mjini Nairobi na nyingine Kajiado, zilikuwa zikiwatumia neno hilo kwa simu ya mkononi wagonjwa waliokuwa ndio kwanza wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kila wiki ujumbe mmoja. Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa siku mbili: "Sawa", au "Shida" kama kuna jambo. Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu. Aliyenyamaza naye alipigiwa.

Huo ulikuwa utafiti, na wagonjwa walikuwa 538. Waliopata ujumbe walikuwa 273, na 265 waliendelea kuhudumiwa kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Kati ya waliokuwa wakiulizwa hali, asilimia 62 walisema wamemeza dawa zao karibu bila kukosa. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 50. Na kwa kuwa mdomo wa mtu unaweza kusema lolote, damu nayo ilipimwa: virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza, na asilimia 48 ya kundi la pili.

Sasa uangalie vizuri ujumbe huo, msikilizaji. Hautaji dawa. Hautaji ugonjwa wala kliniki. Hata ukisomwa na shemeji, ni salamu tu. Jambo hilo si dogo kwetu sisi, ambao simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na huko vijijini huachwa kutwa dukani ikichajiwa. Ninamfahamu mama mmoja ambaye simu yake ilikuwa dukani namna hiyo ulipoingia ujumbe wa kumkumbusha siku ya kuchukua dawa, na dawa zikatajwa kwa jina. Mwenye duka akausoma. Mama yule alihamia kliniki ya mbali, nauli ya kwenda na kurudi juu yake, na wala sikumlaumu. Aliyeandika ujumbe alidhani anamsaidia.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2022. Zote zinahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini sheria haikai pale kaunta ya dukani.

Jambo la pili ni hilo jibu. Siku hizi hospitali nyingi hutuma ujumbe unaoingia kwa jina, si kwa namba, na ukitaka kujibu huwezi. Unaambiwa uje tarehe fulani, basi. Kama umelazwa, kama umefiwa, kama nauli huna, hayo utajua mwenyewe. Mimi huo nauita tangazo, na matangazo tunayo ya kutosha hapa redioni.

Zanzibar walilitazama jambo hili kwa upande wa akina mama wajawazito. Mbali na ujumbe, mama alipewa na vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Katika vituo vilivyofanya hivyo, waliojifungua mikononi mwa mtaalamu walikuwa asilimia 60, na kwingine 47. Faida hiyo, hata hivyo, ilionekana kwa mama wa mjini. Kwa wa shamba haikuthibitika. Vocha si gari, wala haimbebi mama mwenye uchungu usiku wa manane.

Najua wauguzi watanilalamikia. Foleni iko mlangoni, sindano zinasubiri, na mimi ninawaongezea simu ya kusoma. Wana haki. Kazi hii haifai kubandikwa juu ya mtu ambaye mikono yake imeshajaa. Ipangiwe mtu wake, saa zake na fedha zake za simu. Wakuu wa hospitali wanaonunua mitambo ya kutuma ujumbe elfu moja kwa dakika ningewauliza hili tu: mgonjwa asiyejibu ujumbe wa Jumatatu, ni nani atakayempigia Jumatano?