MVUA IKINYESHA, WATOTO WANABAKI NA NANI?

(Maneno ya Katibu wa Chama wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika na darasa la kisomo cha watu wazima. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Leo sikuja na habari za mbolea wala za ushuru. Nimekuja na habari za watoto na mvua. Najua wako watakaocheka, eti Katibu mzima anasimama kuhutubia michezo ya watoto. Chekeni, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Sisi wa Kasulu na Kibondo mvua yetu ni ya msimu mmoja mrefu. Inaanza Oktoba au Novemba, inatufikisha mpaka Mei. Na huo ndio wakati wa jembe: tunapanda mahindi na maharage, tunapalilia, halafu maharage ya pili mwezi wa pili au wa tatu. Basi siku ile mtoto hawezi kucheza nje, ndiyo siku ile wazazi wako shambani. Tunafanyaje? Wengi wetu tunatia kufuli mlangoni, tunakwenda zetu.

Mimi nilifanya hivyo. Novemba 2016 niliwafungia wajukuu wangu watatu ndani. Mafigani kulikuwa na makaa chini ya majivu. Watoto wakachoka kukaa bure, wakaanza mchezo wa kupika kwa magunzi ya mahindi. Moto ukashika. Jirani yangu, mzee wa watu, alisikia kilio akavunja mlango kwa shoka. Wote walipona, lakini yule wa katikati ana kovu mkononi hadi leo. Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, shambani, mwendo wa saa nzima. Sijapata kulisema hili mkutanoni. Nalisema leo ili mtu asidhani nawasema wengine.

Mtauliza: tuwaache nje? Hapana. Radi za huku mnazijua. Mtoto akinyeshewa hukimbilia chini ya mti, na hapo ndipo pabaya kabisa. Mito nayo ikijaa haina huruma. Ndani ni bora, ila wawe na mtu mzima na wawe na kazi ya mikono na ya akili. Mtoto asiye na la kufanya atalitafuta, na atalipata pale pasipofaa.

Sasa nawaambia yale ninayoyafanya nyumbani kwangu. Hayahitaji fedha.

Kwanza, bao. Chimbeni mashimo kwenye sakafu ya udongo, safu nne za mashimo manane, jumla 32. Kete ni mbegu au vijiwe 64. Mtoto wa miaka saba akicheza bao wiki mbili anajumlisha na kutoa bila kujua kwamba anasoma. Wadogo wacheze mdako: shimo moja, vijiwe kumi, kimoja kinarushwa juu huku vingine vinatolewa na kurudishwa.

Pili, vitendawili na hadithi. Anayetega leo, kesho atategewa. Nyumba yangu haina mlango? Yai. Wakishazimaliza vya zamani, waambieni watunge vyao kwa vitu vilivyomo humo ndani: chungu, jembe, paka. Hadithi za sungura na fisi bibi azisimulie kwa Kiha, mtoto azirudie kwa Kiswahili. Hapo amepata lugha mbili kwa mvua moja. Siku hizi wengine tunawapa simu watulie. Simu inaisha chaji, bibi haishi maneno.

Tatu, kuandika. Kipande cha mkaa uliozimika na ubao mkuukuu vinatosha. Sisi wa kisomo tuwaombe watoto watusahihishe. Mimi mjukuu wangu alinionyesha tofauti ya "dh" na "th". Sikuona haya, na yeye alilala na furaha.

Nne, kuhesabu radi. Mwanga ukipiga, wahesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Mtoto anayehesabu hapati nafasi ya kulia. Wakae mbali na mlango na kuta, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Tano, kazi ndogo: kupukuchua mahindi kwa mashindano, kusokota kamba za mgomba, kutengeneza mwanasesere wa gunzi.

Sasa tahadhari. Aliye chini ya miaka mitatu asipewe maharage wala vijiwe, ataviingiza puani au vitamkaba. Jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, hewa yake haina harufu na inaua. Na mlango usifungwe kwa nje.

Ndugu zangu, wako watakaosema kucheza ni uvivu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto, pamoja na chakula, mavazi na elimu.

Linalobaki ni swali la kwanza: nani atakaa nao? Wazazi wetu mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na sisi tufanye. Napendekeza kila nyumba kumi zichague bibi au babu mmoja ambaye jembe limemshinda lakini akili na mdomo bado. Siku ya mvua watoto waende kwake, wasizidi wanane. Na sisi, kwa ujima, tumlimie shamba lake, siku moja kila wiki kwa zamu. Asihesabiwe kuwa amesaidiwa, maana amefanya kazi.

Daftari liko kwa Karani wa ushirika. Jina la kwanza ni langu. Mzee aliyevunja mlango wangu amekubali kuanza Jumatatu, na shamba lake nimeanza kulilima.

Wanaoafiki waandike majina. Asiyeweza bado kuandika aje darasani jioni, tutaandika pamoja.