Pikipiki Ikilala, Usiikinge kwa Mguu

Maneno kwa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay

 

Leo hatuongei juu ya mwendo wa kasi. Hayo mmeyasikia sana. Tunaongea juu ya pikipiki inayoanguka ikiwa karibu imesimama: ukigeuza langoni, ukipanda kutoka ufuoni na magunia ya omena, ama ukingojea ng'ombe wapite. Watu wakiona hucheka. Lakini kuanguka huko kunaweza kumvunja kijana mguu, na nyumba nzima ikalala njaa.

Kwa nini ianguke bila mbio? Pikipiki ikitembea, magurudumu huisaidia kusimama wima. Mwendo ukipungua, msaada huo unapungua pia, na kazi inabaki kwa dereva. Sasa tupige hesabu. Pikipiki nyingi za boda boda zina kilo 110 hivi au zaidi kidogo. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20. Mitungi mitano ni kilo 100, yaani karibu pikipiki ya pili juu ya ile ya kwanza! Mitungi ikiwa nusu, maji hucheza na kuvuta huku na huku. Tena mzigo uliorundikwa juu ya keria huangusha upesi kuliko ule uliofungwa chini, pande zote mbili sawasawa.

Ardhi yetu nayo ina mambo yake. Udongo mweusi wa Lambwe ukinyeshewa hunata na kuteleza. Mchanga wa ufuoni humeza gurudumu la mbele. Kwa hivyo nyosha usukani kabla ya kusimama, tumia breki ya nyuma polepole, na uangalie mguu wako utakanyaga wapi. Ukishika breki ya mbele ghafla usukani ukiwa umepinda, uko chini.

Ikiinama kidogo, unaweza kuirudisha. Ikishapita hapo, hakuna mguu wa kuizuia. Iachilie, utoke kando.

Mbona vijana hawaiachilii? Tuseme ukweli. Pikipiki ni ya kikundi, na kijana anajua liva ya klachi ikivunjika atakatwa pesa. Basi anatoa mguu ili kuokoa liva. Liva inauzwa dukani, jamani. Mguu unauzwa wapi?

Kwa sababu hiyo tunaomba kila kikundi kikubaliane, na katibu aandike kitabuni:

1. Pikipiki ikilala polepole, liva, kioo au taa iliyovunjika italipiwa na mfuko wa kikundi. Dereva asitozwe, na asifiche.

2. Kiasi cha mzigo kitapangwa na kikundi, si na mwenye mzigo. Safari mbili ni afadhali kuliko miezi ya kulala na plasta.

3. Abiria ni mmoja tu, na helmeti na jaketi ya kung'aa zivaliwe, kama sheria ya trafiki inavyotaka. Mahali pa utelezi abiria ashuke atembee.

Sasa, kuiinua. Zima injini, funga petroli, na uondoe mzigo wote. Ingiza gia ili isiviringike. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi kwanza, isije ikaangukia upande wa pili. Ipe mgongo, uchuchumae, mkono mmoja ushike usukani na mwingine keria. Halafu simama kwa nguvu za miguu, ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Watu wakiwa wawili ni bora zaidi.

Jihadharini na bomba la moshi. Aliyeungua apoeshwe kwa maji safi yasiyo na barafu kwa dakika 20. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno. Kidonda kikiwa kikubwa, au mguu ukivimba asiweze kuukanyagia, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtakatifu Paulo aliwahimiza Wagalatia wabebeane mizigo. Hatukosei tukisema kwamba gharama ya liva ni mzigo mmojawapo. Mkutano ujao wa kikundi chenu, liwekeni jambo hili mezani, na madereva wenyewe wawepo.

Mungu awabariki nyote, na safari njema.